Kerubo, Kuhusu Ile Korido

Kerubo mwanangu,

Kalamu hii ni yako. Nimeiiba kwenye begi lako jipya, kwa hiyo ukiikosa kesho usimlaumu rafiki yako Gesare. Karatasi pia ni zako. Nimezichomoa katikati ya daftari ili usione pengo upesi. Umeenda Keroka kununua godoro na ndoo za chuo. Mimi nimebaki na ng'ombe, na redio isiyo na betri, na mdomo wangu ambao tangu Sabato hauna mtu wa kuongea naye.

Leo ni siku ya nne hunisemeshi. Unaniwekea chakula, unaniwekea maji ya kunawa, jana uliniwekea hata chumvi kando kwa sababu unajua nitalalamika. Neno tu ndilo huniwekei. Ningekuwa mtu mwenye haya ningenyamaza na mimi, tukaagana kesho kwa mkono kama watu waliokutana kwenye baraza la chifu. Lakini haya zilipogawiwa mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji, mama yangu alisema hivyo mara nyingi.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, na kulala mapema, na kuepuka marafiki wabaya. Mzee wa kanisa alikwisha kuyasema hayo kwa saa nzima, nami nilikuona ukipiga miayo kwa adabu, mdomo umefungwa, pua ndiyo inafunguka. Mimi nataka kuandika kuhusu ile korido.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia Kiswahili kama nakuita mahakamani. Nilianza kwa Ekegusii. Niliandika jina lako, nikakwama, nikaenda kukatia ng'ombe majani. Nikarudi, nikaliandika tena jina, nikakwama tena. Ng'ombe leo amekula mara tatu na anashangaa. Wewe unaijua chinsoni, ile heshima yetu. Baba haongei na binti yake habari za wavulana, hata kama anamwona mvulana kwa macho yake amesimama nje ya ua akijifanya anafunga kamba za viatu. Baba anakohoa, anapita. Maneno hayo ni ya nyanya, na ya mama, na ya shangazi. Nyanya yako angeyasema vizuri, na ulimi wake ulikuwa mchafu kuliko wangu, lakini alikufa ukiwa darasa la tano. Mama yako alikuwa anangoja umalize kidato cha nne. Unajua mwenyewe alifika wapi.

Basi nimebaki mimi. Kwa Ekegusii maneno haya hayatoki. Kwa Kiswahili yanatoka, labda kwa sababu Kiswahili hakikumjua mama yangu.

Wiki iliyopita mlikuwa nyuma ya jikoni wewe na Gesare, mnamenya ndizi. Mimi nilikuwa upande wa pili nikifunga ua. Sikujificha. Sawa, nilijificha kidogo. Gesare amekaa chuo mwaka mmoja tu, na anaongea kama aliyekijenga.

"Sikiza, Keru," alikuwa anasema, "sheria ni moja tu. Usikule korido."

"Korido ni nini?"

"Ni boy wa hosteli yenu. Mko jengo moja, yeye chini, wewe juu. Hiyo ndiyo tunaita korido. Mkiwa sawa ni tamu, hata hauvai viatu kwenda kumwona. Mkiachana sasa. Utamwona ukienda kuoga. Utamwona ukitoka kuoga. Utamwona akipikia msichana mwingine mayai, na hiyo sufuria ni yako."

Ukacheka. "Si nitahama?"

"Uhame uende wapi? Na mitihani iko wapi? Hapo ni kukaa tu na kuvumilia."

"Na sufuria?"

"Sufuria sahau."

Mlicheka mpaka kuku wakatawanyika. Halafu nikasikia kisu chako tu kwenye ganda. Ukasema polepole, na hukujua kama kuna mwingine anasikia: "Mimi najijua, Gesa. Mtu wa kwanza kuniuliza kama nimekula, huyo nitampenda. Akae korido, akae wapi."

Gesare hakucheka. Mimi nilicheka, kimyakimya, nimeshika waya wa ua. Nikaliweka neno lako shavuni kama mtu anayeweka tumbaku, nikingoja wakati mzuri wa kulitema.

Wakati mzuri ukaja siku ya Sabato. Watu walijaa kwenye maombi ya kukuaga mpaka wengine wakakalia mawe nje. Mzee wa kanisa aliponiuliza kama baba mtoto ana neno, ningesema asante nikakaa. Nikasimama, nikasema mmwombee sana binti yangu kwa sababu haendi kusomea uuguzi, anaenda kusomea korido. Hawakuelewa. Mtu mwenye akili angekomea hapo. Mimi nikawaeleza korido ni nini. Nikamwiga Gesare na sufuria yake, akina mama wakajifuta machozi kwa leso. Halafu nikakuiga wewe. Nikalegeza shingo, nikafanya sauti ndogo, nikasema lile neno lako lote, lilivyo.

Walicheka, ni kweli. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai. Uliliweka chini taratibu, kama lina mtoto ndani, ukaelekea kwenye shamba la majani chai na nguo zako nzuri.

Shangazi yako ndiye hakucheka. Aliningoja mpaka watu walipoondoka, akasema, "Wewe mtoto wa mama yangu, binti amekaa na njaa miaka mitatu katika nyumba ya baba yake, na wewe unamfanyia sinema."

Nikamwambia, "Njaa gani? Chakula kipo."

"Sijasema chakula," akasema. Akachukua mkoba wake, akaenda.

Nimelitafuna neno hilo siku nne. Tangu mama yako aondoke nimekuuliza kila jioni kama chakula kiko tayari. Kama umekula, sijakuuliza hata mara moja. Niliona unapika, nikadhani mpishi hula.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako peke yake alilijua. Nilichokufanyia Sabato, nilikwisha kumfanyia mtu mwingine, kabla hujafikiriwa.

Unajua nilisomea uashi. Hujui kwa nini sikumaliza. Kaka zako niliwaambia nilifukuzwa kwa kumpiga mwalimu, kwa sababu hadithi hiyo ni nzuri na inanifaa. Mwalimu hakupigwa. Kituo chenyewe kilikuwa upande wa Nyamira, cha ufundi, wavulana uashi na useremala, wasichana ushonaji. Tulilala katika ghala la zamani la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Ghala moja refu. Walikuwa wameligawa katikati kwa mbao, wavulana huku, wasichana kule, veranda moja mbele, mfereji mmoja wa maji. Harufu ya pareto haikuwa imetoka, na walisema ndiyo maana hatukuwa na viroboto. Hiyo ndiyo iliyokuwa hosteli yetu. Na jina tulikuwa nalo, Gesare asidhani wao ndio wa kwanza. Mvulana akipendana na msichana wa upande wa pili tulisema ameoa ubao.

Mimi nilioa ubao. Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, kimegusa mbao, na katika ubao mmoja kulikuwa na tundu, mahali jicho la mti lilipodondoka. Upande ule alilala msichana wa Nyamache, jina lake Moraa. Mrefu, mkimya, vidole vyake vina alama za sindano. Alianza yeye. Alipitisha njugu moja kwenye tundu, ikaniangukia usoni. Nikairudisha. Akaileta tena. Nikaila, na hapo mambo yakawa yameisha.

Nilikuwa nachekesha watu hata wakati huo. Kwa Moraa sikuhitaji kuchekesha. Tulikuwa tunaongea kwenye tundu lile maneno madogo tu, mtihani wa kesho, kabeji ilivyokuwa na funza. Mara moja aliniambia jambo. Alisema amelelewa nyumba ya nyanya yake, wasichana saba chini ya blanketi mbili, na pale ghalani kila mtu na kitanda chake, hawezi kulala. Anaogopa kimya. Akasema, "Wewe koroma basi, nijue kuna mtu upande huo."

Kwa hiyo nilikoroma. Mimi, ambaye wakati ule nilikuwa nalala kimya kama chungu. Nilikuwa nalala chali, macho wazi, nakoroma kwa bidii mpaka nisikie pumzi zake zimebadilika. Mama yako alikuwa anasema kukoroma kwangu ni ugonjwa. Si ugonjwa. Nilijifunza pale, kukoroma kukabaki.

Muhula wa pili Moraa akaniambia nije kwao na mtu mzima mmoja, waniulize mimi ni wa ukoo gani. Jambo la kawaida, kila mtu huulizwa. Mimi nikaingiwa na baridi. Nilikuwa na miaka ishirini, kaptura mbili, na mdomo. Nikamwambia kwenye tundu kwamba afadhali tuache. Akasema, "Haya." Kesho yake tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kitambaa cha bluu, kimeshonwa kikawa kidonge, kimebana sawasawa. Fundi ni fundi.

Na hapo ndipo Gesare anaposema kweli tupu, ingawa simpendi akiwa na haki. Nilimwona akienda mferejini. Nilimwona akitoka mferejini. Nilimwona kwenye foleni ya ugali, mara tatu kwa siku. Hakulia, hakunitukana. Alinipa nafasi nipite kama mtu anavyompisha mzee. Wenzangu walikuwa wanatazama. "Ubao umekushinda?" wakaniuliza. "Amekukataa?" Ningesema ndiyo, amenikataa. Ningesema uongo huo mmoja mdogo, yeye angeinua kichwa chake, na mimi ningechekwa kwa wiki moja.

Nilisimama kwenye benchi wakati wa chakula cha jioni. Nikalegeza shingo, nikafanya sauti ndogo. Nikasema, "Wewe koroma basi, nijue kuna mtu upande huo."

Sijawahi kuchekesha watu vile tena mpaka Sabato iliyopita. Wavulana walipiga meza. Wasichana nao walicheka, wenzake wa kitanda kwa kitanda. Yeye alikuwa anakula. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani, akaiweka mahali pake.

Baada ya hapo sikuwa na kazi tena, kazi iliendelea yenyewe. Taa zikizimwa, upande wetu wote unakoroma. Wanaanza taratibu, wanapanda, wanagonga mbao. Niliwaambia waache. Niliwaambia nikicheka, na unajua mtu akikataza huku anacheka inakuwaje.

Moraa alivumilia siku tisa. Siku ya kumi, mchana kweupe, tulikuwa tunajenga ukuta wa mazoezi mbele ya ghala. Mimi nimeshika timazi, ile kamba ya kupimia kama ukuta umenyooka, nangoja itulie. Akatoka na sanduku lake la bati kichwani, na pasi ya makaa mkononi. Ilibidi apite mbele yetu, hakukuwa na njia nyingine. Alipofika usawa wa ukuta mtu mmoja akakoroma. Wengine wakadakia.

Si mimi niliyekoroma, Kerubo. Siku hiyo sikufungua mdomo. Lakini mimi ndiye niliyewafundisha, na wimbo wenyewe aliniazima yeye.

Timazi ilitulia, nikamwambia mwenzangu weka tofali. Ndivyo nilivyofanya. Nilisema weka tofali.

Muhula huo sikuumaliza. Nilijaribu. Kitambaa cha bluu kilikuwa bado kwenye tundu, na nyuma yake hakuna mtu, na mimi ndiye niliyekuwa siwezi kulala kwa sababu ya kimya. Nikafungasha, nikasema mwalimu ananionea.

Nilimtafuta. Usidhani sikumtafuta. Mwaka uliofuata nilienda Nyamache siku ya soko, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba. Baba yake alikuwa nyuma ya nyumba akifunga migomba na kamba isianguke. Mzee mpole, masikio makubwa. Aliniuliza mimi ni nani. Nikasema nilisoma na Moraa. Akaacha kamba. Akanikalisha kwenye kiti chake, akaita wamletee mgeni uji. Uji wa wimbi, mchachu kidogo, katika kibuyu kilichooshwa vizuri. Nikapokea kwa mikono miwili.

Akasema, "Mwanangu hayuko. Yuko Kericho kwa mjomba wake, anachuma majani chai ya wazungu. Hataki kurudi hapa. Alituma neno kwamba ameshindwa na masomo na anaona aibu." Akanitazama. "Wewe ulikuwa naye. Hebu uniambie, kijana wangu. Alikosea nini?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Alikuwa anashona vizuri." Akaniambia ninywe uji, utapoa.

Nikaunywa. Wote. Kibuyu kilikuwa kikubwa.

Nimekula vitu vingi vichungu, binti yangu, na hata supu ya shangazi yako. Uji ule bado uko hapa kifuani.

Sasa mama yako anaingia. Nilimwambia habari hii tulipooana, kwa sababu alitaka kujua kwa nini sipitii Nyamache hata njia ikiwa fupi. Hakunigombeza. Miaka ikapita. Siku moja akarudi kutoka sokoni Keroka, wewe unakaribia kuanza shule, akasema, "Nimepeleka mtoto apimwe yunifomu kwa mwanamke mmoja anayeshona kwenye veranda ya duka la mbolea. Anatoka Nyamache. Anaitwa Moraa."

Unamkumbuka. Yule mama mrefu mwenye tepu shingoni, aliyekupa kitambaa cha kufungia nywele. Mama yako alisema alikupima mabega, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Mama yako akalitaja jina langu. Yule akakupima mabega mara ya pili, kana kwamba amesahau ya kwanza. Akasema, "Amechukua mabega ya baba yake." Basi. Halafu akakata kile kitambaa kutoka kwenye masalio, akakufunga nywele yeye mwenyewe. Kilikuwa cha bluu. Mashule yote ya huku ni bluu, najua. Nakwambia tu kilikuwa cha bluu.

Mama yako akaniambia, "Siku ya soko uende umwombe msamaha."

Nikasema nitaenda soko lijalo.

Soko lijalo nikawa na ng'ombe anazaa. Lile jingine mvua. Jingine nilifika mpaka kwenye duka la mbolea, nikamwona mgongo, ameinamia cherehani, nikanunua msumari mmoja nikarudi. Mama yako alikuwa ananiuliza kila mwaka. "Wewe siku ukifa," aliniambia, "utamwomba Mungu akungoje mpaka soko lijalo." Akatangulia yeye, na hakuomba angojewe.

Jana, Kerubo, nilienda. Uliniona nikitoka na suruali yangu ya kijivu chini ya kwapa, hukuuliza. Imechanika pindo. Nilitaka niwe na sababu ya kusimama mbele yake. Nilikuwa nimepanga nianze na pindo, halafu tufike kwenye ubao. Pale kwenye veranda sasa pananing'inia kava za simu. Mwanamke anayeziuza alisema fundi alihamia kwa mwanawe. Wa duka la mbolea akasema hapana, yule ni marehemu, alizikwa kwao kabla ya mvua. Wakaanza kubishana juu ya nani anamjua zaidi, nikawaacha. Nimerudi na suruali imechanika vile vile.

Ndiyo maana nimeiba kalamu. Wewe unaondoka kesho, na mimi nimejua soko lijalo ni kitu gani.

Kuhusu korido yenyewe, sikukatazi. Ukiila, uile tu. Mimi niliila na miezi ile minne sijapata tena usingizi wake. Gesare anadhani ubaya ni kuonana mferejini baada ya kuachana. Huo si ubaya, hiyo ni ndoa tu bila mbuzi. Kilichomvunja Moraa ni kwamba alinipa mimi kitu anachokiogopa, nikakigawa kwenye meza ya watu. Akikupa mtu kitu kama hicho, na siku moja mkaachana, mwachie sufuria, mwachie mayai, lakini kile alichokuambia kiwe chake mpaka mwisho. Hata kama kinachekesha. Hasa kama kinachekesha. Wewe una mabega yangu, nisingependa uwe na mdomo wangu.

Na kama wewe ndiye utakayekoromewa, kama siku moja utaona korido imekuwa ndefu na kila mlango unacheka, njoo nyumbani. Moraa hakurudi kwao kwa sababu baba yake, mtu mwema vile, angemuuliza kwa nini. Mimi sitakuuliza. Njoo mchana, njoo katikati ya mitihani, njoo na ndoo kichwani. Nitasema "umefika," nitakupa kiti. Nitauma ulimi, na unajua kwangu hiyo ni kazi ya mikono miwili. Ukinyamaza mwaka mzima nitakungoja mwaka mzima. Nimekwisha kufanya mazoezi siku nne.

Lile neno lako la Sabato siwezi kulirudisha. Wamelila. Kanisa zima linalijua, na kesho kutwa litafika Masimba. Najua kwamba ulilisema kwa sababu ni kweli, na kwamba aliyelifanya liwe kweli ni mimi.

Nimeacha kuandika kidogo. Umerudi.

Nilikusikia ukisukuma lango kwa mguu. Uliingia na godoro mgongoni na ndoo mkononi, nikafunika karatasi kwa kofia. Nikakuuliza kutoka hapa mezani, nikitazama ukuta kwa sababu uso ulinishinda:

"Kerubo, umekula?"

Ulisimama. Godoro liligusa mwimo wa mlango, likarudi. Nikasikia unavuta pumzi, nikadhani utaniambia ninachostahili.

"Niko sawa," ukasema.

Ukaingia chumbani. Sijui kama hilo ni jibu la swali langu au ni jibu la mgeni. Nimeligeuza huku na huku. Baadaye ulipopita kwenda jikoni uliweka kitu mezani karibu na mkono wangu bila kusimama. Ni betri mbili za redio. Sijaziweka bado. Nikiziweka redio itaongea, na mimi nataka nikusikie unavyotembea humu ndani.

Nimepika ndizi, kabla hujarudi. Usicheke. Zimeungua upande mmoja. Upande usioungua nimekuwekea wewe, uko chini ya sahani ya mama yako ile ya maua. Hata kama umekula.

Barua nitaitia ndani ya ndoo, chini ya kikombe. Utaiona ukiwa umekwisha kufika, na hutaweza kunirudishia.

Shangazi yako ameniambia kesho unataka Gesare ndiye akusindikize mpaka stejini, si mimi. Ni sawa. Sitakuja. Nitakuwa pale chini kwenye kituo cha kupimia majani chai, upande wa barabara, na gari lenu lazima lipite hapo. Sitapiga kelele. Sitasema neno lolote la kuchekesha, hata akipita mzee wa kanisa na baiskeli yake. Nitasimama tu. Ukitaka, punga mkono. Usipopunga, nitajiambia mikono yako ilikuwa imeshika ndoo.

Tata